Misalaba Mitatu ya Radhia

Kigwena, kwenye kinu cha mawese cha Leonsi, wafanyakazi wote wanakunywa maji ya mtungi mmoja, isipokuwa mwanamke mmoja. Huyo ana bidoni yake ya njano, kidumu cha lita tano, yenye kitambaa chekundu shingoni. Asubuhi anakuja nayo, jioni anaondoka nayo. Hamwazimi mtu, wala haombi maji ya mtu. Wanawake wanaopukuchua chikichi pamoja naye wamezoea, na msichana mgeni akiuliza, Leonsi humjibu huku akicheka: "Muache Mama Bidoni. Iko hivyo tangu mimi nikiwa na meno yote."

Jina lake ni Radhia. Umri wake unakaribia hamsini, mikono yake imekuwa myekundu ya mawese kiasi kwamba hata akioga haitakati. Katika mwambao ule wa ziwa, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na hata aliyefiwa na mtoto huendelea kuitwa hivyo mpaka anaingia kaburini. Radhia alizaa. Alizaa binti, akamwita Sumaya. Lakini pale Kigwena hakuna aliyewahi kumwita Mama Sumaya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona huyo Sumaya, na Radhia mwenyewe hakumtaja. Jina likikaa kinywani bila kutamkwa huwa chungu, na yeye alishalimeza siku nyingi.

Bidoni ile ni ya nne. Tatu za mwanzo zilipasuka kwa jua na kwa uzee. Kitambaa ni kile kile.

Zamani Radhia alikuwa mke wa Salmin, mwenye duka la vitambaa Rumonge, mtu wa ukoo uliotoka Omani enzi za mababu, ukoo unaohesabu babu zake kwa vidole mpaka vidole vinaisha. Radhia hakusoma. Baba yake alikuwa mlima michikichi, Mwislamu wa kawaida mwenye shamba dogo na maneno machache. Salmin alimwoa kwa sura yake na kwa kazi zake. Sumaya alipofika miaka miwili, Salmin akaleta mke wa pili kutoka Bujumbura, jina lake Kulthumu, msichana aliyesoma, mwenye vidole laini. Radhia hakupiga kelele. Waliishi nyumba moja, choo kimoja, bafu moja, pipa moja la maji na kata moja.

Kulthumu hakumaliza mwaka kabla ya kuugua. Mkojo ulimchoma kama pilipili, homa ikampanda, kiuno na mbavu vikamuuma hata asiweze kuinama kwenye jiko. Akatibiwa, akapona. Miezi miwili baadaye ugonjwa ukarudi. Aliyemkanda kwa maji ya moto ni Radhia. Aliyemchemshia uji, aliyemfulia mashuka, ni Radhia. Naye Kulthumu alikuwa akimwambia, "Dada, wewe hujapata hii? Hata siku moja?" Radhia anajibu, "Hata siku moja." Wakati ule aliona ni jibu jepesi tu. Hakujua kwamba jibu hilo lingekuja kumfukuza.

Kulthumu akapata mimba. Mwezi wa tano homa ikaja kwa nguvu, akatetemeka siku mbili, na mimba ikatoka. Salmin alizika kiumbe kile kwa mikono yake, kisha akawachukua wake zake wote wawili, akawapeleka kwenye zahanati moja ya Bujumbura wapimwe mkojo. Wakarudi na karatasi mbili.

Aliyezisoma mbele ya familia ni dada yake mkubwa Salmin. Ya Kulthumu ilikuwa na msalaba mmoja. Ya Radhia ilikuwa na misalaba mitatu.

Watu wa mwambao wanaijua misalaba hiyo, alama za kupimia wingi wa wadudu, kutokana na malaria. Ukikutwa na msalaba mmoja, unakunywa dawa ukiwa umesimama. Ukikutwa na miwili, unalala. Ukikutwa na mitatu, ndugu wanaanza kuitwa. Mwaka ule ule Salmin alipata malaria ya misalaba mitatu akalala siku nane, hata sura ya mtoto wake akawa haijui. Kwa hiyo wifi yake Radhia aliinua karatasi ile juu ili kila mtu aione.

"Misalaba mitatu," akasema, "na juzi nimemwona na macho yangu, amebeba gunia la mchele peke yake. Haumwi kichwa, haumwi tumbo. Nyinyi mmeona wapi?"

Akaipitisha karatasi mbele ya nyuso zao.

"Ugonjwa usiomuuma mwenyewe, basi mwenyewe si mgonjwa. Yeye ni ghala. Anatuwekea sisi. Analala usingizi, mwenzake anazika."

Radhia aliapa. Alisema hajamjua mwanamume mwingine tangu azaliwe. Alisema hajaenda kwa mganga wala hajamfunga mtu. Lakini alipoulizwa, "Sasa mbona huumwi?" alikosa la kusema, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua mbona haumwi. Alipewa dawa akanywa yote. Akapimwa tena, misalaba ikapungua. Akapimwa mara ya tatu, ikarudi yote, imekaa pale pale kama ndege kwenye mti wao.

Wifi akanunua bidoni. Akaifunga kitambaa chekundu, kipande cha kanga yake ya zamani, akaiweka mlangoni kwa Radhia. "Hii yako. Unywe hapo, uoge hapo, ushike udhu hapo. Pipa la watu usiliguse."

Miezi saba alioga kwa bidoni hiyo. Mwezi wa nane akapewa talaka. Sumaya alikuwa na miaka minne, amelala, na wifi akasimama mlangoni pa chumba. "Mutoto wetu anabaki kwetu. Hatuwezi kumpa ghala." Radhia akatoka na nguo zake na bidoni yake, akarudi Kigwena kwenye shamba la marehemu baba yake, ambako kaka yake alimkatia pembe ya kujenga kibanda.

Kilichomkera kuliko vyote ni habari zilizomfuata. Mwaka mmoja baada ya talaka, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, akamwambia, "Kulthumu amelazwa tena, ugonjwa wake ule ule." Mwaka uliofuata, tena. Na tena. Ghala lilikuwa limeondoka na ugonjwa umebaki, lakini hakuna mtu wa nyumba ile aliyekaa akajiuliza. Hakuna aliyepanda gari kuja Kigwena kusema, "Radhia, tulikosea." Salmin alikufa mwaka juzi. Radhia alipata habari siku ya tatu ya msiba, sokoni, kutoka kwa mtu aliyekuwa anapima chumvi.

Kibaya zaidi ni kwamba aliamini. Si yote, lakini kiasi. Usiku na mchana wa miaka kumi na tisa alijiambia hana kosa, kisha anachota maji yake peke yake, anakunywa kwa kikombe chake, na mtoto wa kaka yake akimkimbilia kisimani anamsukuma mbali. Mara ya kwanza kitambaa kilifungwa na wifi. Kila bidoni mpya iliyofuata, aliyekihamisha na kukifunga upya ni Radhia mwenyewe.

Basi siku moja ya Alhamisi, mwaka huu, pikipiki ilisimama penye kinu. Akashuka mwanamke kijana, amejifunga mtandio wa kijani, tumbo limeanza kujitokeza. Alikuwa na paji la uso la Salmin. Radhia akaliona paji lile kabla hajaona kitu kingine, na mkungu wa chikichi ukamtoka mkononi.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye Radhia?"

"Waaleikum salaam. Ndiye mimi."

"Mimi ni Sumaya."

Mtu akingoja neno kwa miaka kumi na tisa, huwa amelitayarishia majibu mia. Radhia alikuwa nayo hayo mia. Lililotoka ni jingine.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu." Sumaya akatazama wanawake waliokuwa wamenyamaza ghafla. "Tunaweza kuongea pembeni?"

Wakaenda nyuma ya mapipa ya kuchemshia. Sumaya hakukaa, ingawa kulikuwa na gogo. Akatoa karatasi mkobani, akaikunjua. Radhia hajui kusoma hata jina lake, lakini karatasi ile alijua kuisoma. Chini kabisa, upande wa kulia, misalaba mitatu.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi popote. Ndiyo shida yenyewe. Nimeenda kupima mimba, wakapima na mkojo. Mama mkwe wangu Bi Nour tunaenda naye kila mara. Akaiona hii. Akaniuliza, unachomwa? Nikasema hapana. Una homa? Hapana. Akanyamaza njia nzima mpaka nyumbani Nyanza-Lac. Juzi amenipa beseni langu peke yangu."

Radhia akashika ukingo wa pipa. Lilikuwa la moto, hakulisikia.

"Mume wako anasemaje?"

"Khalifa anasema tungoje. Akisema mama yake, yeye huwa anangoja." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo, "Aliniuliza, kwenu nani yuko hivi? Nikasema hakuna."

"Ukasema hakuna."

"Wao wanajua mama yangu ni Mama Kulthumu. Ndiye aliyenipeleka kwa mume."

"Na mimi? Nimekufa, au sikuzaliwa?"

"Sikusema umekufa. Nilinyamaza tu."

"Kunyamaza nako kunachimba kaburi, mwanangu. Lile lile."

Sumaya akainamisha uso, lakini hakuondoka. "Shangazi aliniambia nikiwa mdogo kwamba wewe ulikuwa na hii. Nimekuja kukuuliza. Ulifanya nini mpaka ukaipata? Na inaondokaje? Wakinirudisha nyumbani na mimba hii, nitarudi kwa nani? Baba hayupo."

Hakuja kumtafuta mama. Alikuja kutafuta dawa. Radhia alilielewa hilo vizuri, likapita mahali pake kama mwiba unaojua njia. Lakini alimtazama mtoto wake amesimama na karatasi mkononi, kama yeye alivyosimama siku ile, na akajua kwamba asipofanya kitu beseni lile litakuwa bidoni, na bidoni itakuwa talaka.

"Sikufanya kitu," akasema. "Twende tukaulize wanaojua."

Akafunga kanga yake vizuri. Leonsi akamwona anaelekea barabarani.

"Mama Bidoni! Na chikichi zangu?"

"Zipukuchue mwenyewe. Una meno mangapi sasa?"

Wanawake wakacheka. Sumaya akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza kama anayemtazama mtu.

Rumonge kulikuwa na labo, maabara ndogo ya mtu aitwaye Barnaba. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akasomea huko, akarudi na wazazi wake wakimbizi waliporudi. Watu walimpenda kwa kuwa alikuwa anaeleza mambo, hakuwa anakupa karatasi na kukugeuzia mgongo. Aliitazama karatasi ya Sumaya, akamwuliza maswali yale yale: kuchomwa, homa, maumivu ya mbavu. Hapana, hapana, hapana.

"Hata mimi," Radhia akasema.

Barnaba akainua kichwa. "Hata wewe nini, mama?"

"Hata mimi ninayo mitatu. Ninayo tangu huyu akiwa mtoto. Siumwi."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Kama hujaamini, nipe kikombe."

Akampa kikombe. Wote wawili wakatoa mkojo, wakakaa kwenye benchi wakingoja, kati yao nafasi ya mtu wa tatu. Radhia alitamani kumwuliza binti yake kama bado analala kwa ubavu wa kushoto, kama bado anaogopa mbuzi. Hakuuliza. Angejibiwa kwa adabu, na adabu ya mtoto wako ni baridi kuliko tusi la mgeni.

Barnaba alipotoka, alikuwa na karatasi mpya. "Mama, uko na mitatu, kweli kabisa. Na seli za kupigana na wadudu hakuna, au ni chache mno. Na huyu binti yako vilevile."

Aliposema *binti yako*, Sumaya hakukanusha.

"Sasa sikilizeni," Barnaba akavuta kiti. "Mtu tajiri wa Bujumbura anaweka zamu, mlinzi wa usiku, mlangoni, si ndiyo? Kila mwili nao una zamu wake. Kuna zamu ambaye akiona mtu anapita tu njiani, anapiga filimbi, anatoa rungu, anaamsha mtaa mzima. Kunakucha vyombo vimevunjika, na aliyevivunja ni zamu mwenyewe katika vita vyake. Kule kuchomwa, ile homa, ni vita vya zamu. Halafu kuna zamu mwingine. Anamwangalia mpita njia, anaona hana panga, anamwacha apite. Hata akikaa kibarazani anamwacha. Nyumba inalala."

"Zamu mvivu," Sumaya akasema.

"Au mwenye busara. Inategemea nani amepita. Wadudu wengine ni wapole, wanakaa kwenye kibofu miaka na miaka, hawadhuru mtu, tena wanaweza kuwazuia wakali wasiingie. Na zamu huyo hununui, unazaliwa naye. Yumo katika damu ya ukoo, kama paji la uso, kama rangi ya macho. Mama, mama yako mzazi alikuwa analalamika mkojo?"

Radhia akafikiri. Mama yake alizaa watoto tisa, akafa mzee, na alilalamika kuhusu kila kitu chini ya jua: kodi, mvua, magoti, wakwe. Mkojo hakuutaja hata mara moja.

"Hapana."

"Sisemi nimethibitisha. Hapa hatuna mashine ya kuangalia damu ya ukoo, hiyo iko mbali. Lakini mama yuko hivi na mtoto yuko hivi, na mama amekaa miaka kumi na tisa mzima. Mimi nikiona hivyo naelewa." Akamgeukia Sumaya. "Lakini wewe una mimba. Kwenye mimba hatumwachii mpita njia, hata akiwa mpole, maana anaweza kupanda juu kwenye figo. Utakunywa dawa siku saba, kisha urudi tukupime. Mama yako hana mimba na haumwi. Hahitaji hata kidonge."

"Kwa hiyo si ugonjwa wa umalaya?" Sumaya akauliza kwa sauti ndogo.

"Si huo. Mngekuwa nao huo tungeuona kwa njia nyingine."

Radhia akauliza lile alilolibeba. "Alikuwepo mwanamke. Tulikuwa tunachota maji kwa kata moja. Yeye alichomwa, mimi sikuchomwa. Mimba yake ikatoka. Wakasema mimi ndiye niliyempa."

Barnaba akatikisa kichwa. "Sikuwepo, siwezi kuapa juu ya mimba ya mtu. Lakini wadudu hawa mwanamke anawapata kutoka kwenye utumbo wake mwenyewe. Hahitaji jirani. Na kwa kata ya maji? Hapana, mama."

"Rudia."

"Kwa kata ya maji, hapana. Yeye alikuwa na zamu wake mkali, wewe na wako. Basi."

Sumaya alikuwa anamtazama mama yake. Pengine alitegemea alie, au ashukuru. Radhia hakufanya lolote kati ya hayo. "Mambo haya yalijulikana lini?" akauliza.

"Wataalamu wa mbali wanayachunguza miaka mingi."

"Kabla hajazaliwa huyu?"

Barnaba akapangapanga vikombe vyake vitupu mezani. "Mengine, ndiyo. Kabla."

Radhia akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, na mgonjwa aliyekuwa anangoja mlangoni akageuka kuangalia.

Nje, kwenye jua, Sumaya alifungua mkoba wake. "Nipe karatasi yako. Nikamwonyeshe Bi Nour."

"Karatasi haina mdomo. Nitakuja nami."

"Hapana, mama," Sumaya akasema. "Karatasi itatosha."

Miaka kumi na tisa hakuitwa hivyo na mtu mwenye haki ya kumwita, na neno lilipokuja lilikuja limeshikana mkono na *hapana*. Radhia akatoa karatasi, akaikunja mara nne, akampa. Pikipiki ikaelekea kusini. Yeye akarudi Kigwena kwa miguu, kwa sababu hakutaka kufika haraka mahali ambapo hakuna mtu.

Siku zilizofuata alipukuchua chikichi na kungoja. Hakuwa na simu ya kupigiwa. Sumaya hakuomba namba yoyote. Alijua mambo mawili yanaweza kutokea. Binti yake anaweza kusema, "Huyu Radhia ni mwanamke mmoja tu niliyemkuta labo," na karatasi ikawa haina kazi, maana ya mgeni haisemi chochote kuhusu damu. Au anaweza kusema ukweli, na wakwe wakajua kwamba alidanganya, na kwamba mama yake ni yule aliyefukuzwa Rumonge. Njia zote mbili zilikuwa na miiba. Jioni alipika muhogo na ndagala wa mtu mmoja, akala nusu. Wanawake wa kinu walimwuliza yule mgeni wa mtandio wa kijani ni nani. Akasema, "Mtu."

Siku ya tisa, jua likiwa utosini, likasimama gari dogo. Akashuka mwanamke mnene wa makamo, buibui jeusi, viatu vya nyumbani vya mjini, akatembea katikati ya maganda na tope la mawese kana kwamba anakagua mahari.

"Amahoro. Nani hapa ni Radhia wa karatasi?"

Radhia akasimama. "Ni mimi."

"Mimi ni Nour. Nimetoka Nyanza-Lac." Akamtazama kuanzia miguu mpaka kichwani, bila haraka. "Nimekuja kuona kama unatembea."

"Natembea."

"Naona. Na kubeba?"

Radhia aliinama, akainua mkungu mzima wa chikichi, ule ambao vijana hubebana wawili, akauweka begani, akautua upande wa pili, karibu kabisa na vile viatu vya mjini. Matone ya tope yakaruka juu ya buibui.

Bi Nour akajipangusa. "Haya, nimeona. Lugha hiyo nimeielewa."

"Sumaya amekunywa dawa?"

"Amemaliza. Amepimwa juzi, ni safi. Mutoto tumboni anacheza." Akashusha pumzi. "Alinipa karatasi yako. Nikamwuliza, huyu Radhia ni nani wako? Alinyamaza muda wa kuivisha wali. Nikajua hapa kuna jambo. Kisha akaniambia, ndiye aliyenizaa. Akalia. Mimi nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika siku nne. Nilidanganywa ndani ya nyumba yangu."

"Na siku ya tano?"

"Siku ya tano nikamkumbuka marehemu mama yangu. Mwanamke yule alikuwa na kifua, miaka yote anakohoa, na sisi wengine tukapata na wengine tusipate, na nyumba moja. Hatukumfukuza mtu." Akatazama pembeni. "Lakini mimi nilimpa mutoto wako beseni."

"Najua. Limeenda wapi?"

"Wanalinywea kuku."

Haikuwa samahani. Radhia aliipima, akaona haifiki, lakini ni zaidi ya alichowahi kupewa na nyumba ya Salmin, ambayo haikumpa kitu.

Kutoka barabarani ukasikika mwadhini akiadhini adhuhuri, sauti inakuja na kupotea kwa upepo wa ziwa. Bi Nour akakunja mikono ya buibui lake. "Iko wapi maji ya udhu?" Akauona mtungi wa Leonsi, akaona mafuta yanavyoelea juu yake, akakunja uso. Kisha akaiona bidoni chini ya kivuli. Akainama kuichukua.

"Hiyo ni yangu!" Radhia akasema, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kama alivyozoea kuwasukuma watoto wa kaka yake.

Bi Nour hakuiachia. "Nimejua ni yako, ina alama kama mbuzi wa sadaka. Ina najisi?"

Wanawake wote walikuwa wameacha kupukuchua.

"Haina," Radhia akasema.

"Basi." Akachuchumaa, akainamisha bidoni, akaosha mikono, akasukutua kinywa, akaosha uso. Maji yalimtiririka kwenye kidevu. Radhia alisimama juu yake akitazama maji yale kinywani mwa mwanamke mwingine, kisha akakaa kwenye gogo.

Baada ya sala, Bi Nour alivaa viatu vyake. "Mimba iko mwezi wa nne, bado safari hadi kujifungua. Mimi nina wakwe wengi wa kunipa ushauri, sina wa kunisaidia kufua. Uje, Mama Sumaya."

Midomo ya Radhia ilikuwa inatafuta neno lenye makali, kwa sababu hakutaka mtu yeyote adhani miaka kumi na tisa inanunuliwa kwa udhu mmoja.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nitakuja na bidoni yangu."

"Njoo nayo. Maji kwetu yamekatika tangu Jumatatu."

Gari likaondoka. Sumaya hakuwemo ndani yake. Radhia alikuwa amechungulia mara mbili. Leonsi akasogea akijifuta mikono.

"Yule mama tajiri ni nani wako, Mama Bidoni?"

"Mama mkwe wa mwanangu."

"Kumbe una mwana?"

"Ninaye."

Leonsi akarudi kwenye kinu. Salmin yuko makaburini Rumonge na hawezi kuambiwa. Kulthumu yuko kitandani mwake na hatakuja. Radhia akaivuta bidoni, akaiweka magotini, akaanza kulifungua fundo la kitambaa. Kucha ziliteleza. Mawese ya miaka yote hiyo yalikuwa yamelifanya gumu kama mfupa. Akajaribu kwa meno, halikulegea. Akaiweka chini, akanywa maji yaliyobaki, akarudi kwenye chikichi zake, maana jua lilikuwa linapinda na fungu lake lilikuwa bado.